Kuunganisha Injini ya Boti na Vifaa vya Usukani: Ya Kujua Kabla Hujalipa

Injini iliyopachikwa tezini hujua mambo mengi ambayo nahodha hayaoni kwa macho: mizunguko yake kwa dakika, joto lake, nguvu ya umeme unaorudi betrini, na kiasi cha petroli inachokunywa kila saa. Injini nyingi za miaka ya karibuni hubeba kompyuta ndogo yenye habari hizo, na kioo cha GPS kilicho mbele ya usukani kinaweza kuzionyesha. Mwenye boti anayetaka habari hizo zimfikie huenda dukani, naye muuzaji humwambia, "Ni waya tu huo." Fedha nyingi hupotea hapo, kwa kuwa mara nyingi si waya tu.

Swali la kwanza ni iwapo injini yako ina lolote la kusema. Injini ya mipigo miwili yenye kabureta, ile ya kuwashwa kwa kuvuta kamba ambayo wavuvi wetu wengi wanaitegemea, haina kompyuta. Ukiiuzia waya wa data umeiuzia bubu kipaza sauti. Ili habari zake zifike kwenye kioo, zinatakiwa sensa za kuongezwa, pamoja na kifaa cha kugeuza vipimo vyake kuwa lugha ya mtandao. Vifaa hivyo vipo, navyo hufanya kazi. Lakini kwa boti ndogo ya injini moja, ambayo mwenyewe huyajua mafuta yake kwa kulitikisa dumu, fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia jaketi za kuokolea maisha.

Ikiwa injini ni ya nozeli na kompyuta, swali la pili ni la lugha. Vifaa vingi vya baharini vya sasa huzungumza lugha iitwayo NMEA 2000, iliyowekwa na chama cha wenye biashara ya elektroniki za baharini cha Marekani. Watengenezaji wa injini, hata hivyo, aghalabu huwa na lugha zao wenyewe: Yamaha huuita mtandao wao Command Link, nao Mercury huuita wao SmartCraft. Kati ya lugha ya kiwanda na lugha ya kioo hukaa kifaa cha kutafsiri, ambacho huuzwa peke yake na chenye bei yake. Zipo pia injini zinazotoa NMEA 2000 moja kwa moja, zikiwemo baadhi za Honda. Hizo huhitaji waya unaolingana nazo tu. Kwa hiyo usiende dukani na jina la kampuni peke yake. Nenda na namba kamili ya modeli na namba ya utambulisho iliyo kwenye kibati cha injini, na modeli ya kioo chako, kwani injini mbili za jina moja na nguvu sawa huweza kutofautiana kwa mwaka wa kutengenezwa.

Mtandao wenyewe ni rahisi kuuelewa. Ufikirie kama mtaa mmoja mrefu wenye vichochoro. Mtaa ni waya mkuu unaopita ndani ya chombo. Vichochoro ni nyaya fupi zinazotoka kwenye viungio vya umbo la T kwenda kwa kila kifaa, kimoja kwa injini, kimoja kwa kioo, kimoja kwa kipima kina. Kwa waya mwembamba unaotumika katika boti nyingi, kichochoro kimoja hakipaswi kuzidi mita 6, na waya mkuu usizidi mita 100. Kila mwisho wa waya mkuu hufungwa kwa kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Vizibo ni viwili, wala si kimoja wala vitatu.

Vizibo hivyo hukupa njia ya kumpima fundi bila ya wewe kuwa fundi. Mwombe azime umeme wa mtandao, kisha aweke mita kati ya nyaya mbili za data. Mita isome karibu na omu 60, kwa sababu vizibo viwili vya omu 120 vikikaa sambamba hutoa nusu yake. Ikisoma 120, kizibo kimoja hakipo au waya umekatika mahali. Ikisoma 40 hivi, ameongeza cha tatu. Mtandao wenye kasoro hiyo huenda ukaonekana mzima bandarini, kisha takwimu zikaanza kupotea na kurudi siku chombo kinapopigwa na mawimbi. Kipimo hiki huchukua dakika moja. Fundi anayekikataa hana sababu ya kukikataa.

Umeme wa mtandao huingia mahali pamoja, kutoka betri ya volti 12, kupitia fyuzi ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji, na swichi yake yenyewe. Jambo hili husahauliwa kwa sababu baadhi ya nyaya za injini huleta umeme pamoja na data. Pakiwa tayari na umeme wa mtandao, huo wa pili unapaswa kutengwa kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Na pasipokuwa na swichi, vifaa huendelea kunyonya betri usiku kucha, nawe utalijua hilo alfajiri injini itakapokataa kuwaka.

Baada ya kuunganisha kuna kupanga, na hapa ndipo penye hatari ya kweli. Boti yenye injini mbili ni lazima kila injini ipewe namba yake. Zikiwa na namba moja, kioo hurukaruka kati ya vipimo vya hii na vya ile, na nahodha hajui ni ipi inayochemka.

Mafuta yanataka uangalifu zaidi. Kompyuta ya injini hukadiria petroli iliyopita kwenye nozeli. Haioni ndani ya tangi. Pasipokuwa na sensa ya tangi, kioo huanza na kiasi ulichokiandika wewe na kutoa kilichotumika. Ukiandika lita 100 ilhali ndani mna 70, kioo kitakuambia zimebaki 30 saa ile ile injini inapozimika kwa ukavu. Ukiwa umetoka na abiria katika mkondo wa Mafia au wa Pemba, si kosa dogo hilo. Jaza tangi hadi juu, tembea siku chache, jaza tena, kisha linganisha lita za pampu na lita za kioo. Vioo vingi huruhusu kusahihisha tofauti hiyo. Hata baada ya hapo, kijiti cha kupimia kisitupwe.

Wala usikubali king'ora cha injini kikatwe kwa hoja kwamba "onyo litatokea kwenye kioo". Kioo kikizima, au waya ukiliwa na chumvi, king'ora ndicho kitakachobaki.

Kuhusu haki yako: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, humtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kusudi alilojulishwa na mnunuzi, iwapo mnunuzi ametegemea ujuzi wake na bidhaa hiyo ni ya aina anayoiuza. Lakini sheria hiyo inamwachia muuzaji mlango wa kutokea: ukiagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara tu, sharti hilo la kufaa kwa kusudi huweza kuondoka. Kwa hiyo usiseme, "Nipe waya wa kampuni fulani." Sema, na uandikiwe kwenye ankara: "Kifaa cha kuunganisha injini ya modeli hii na kioo cha modeli hii, ili kioo kionyeshe mizunguko, joto na matumizi ya mafuta." Tenga sehemu ya malipo ya ufundi mpaka injini imewashwa majini, takwimu zimeonekana kwenye kioo, na mita imesoma omu 60 mbele yako. Ankara, risiti na karatasi ya dhamana vitunze nyumbani, si ndani ya boti.