Video ya Mteja si Mtihani Wenu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya nawaandikia ninyi mtakaopokea kazi ya video ya matangazo muhula ujao. Wenzenu waliotangulia walikitengenezea video kikundi cha akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, wanaolima mwani, wakausaga na kuutia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi na karafuu. Darasani video ilipigiwa makofi. Kikundi hakikuitumia hata mara moja. Sababu zake ndizo hizi, na asije mtu akaniambia hakuambiwa.

Muulizeni mteja anamuuzia nani, kabla hamjagusa kamera. Msimuulize anataka video ya aina gani. Atawajibu "nzuri tu", na mtakuwa mmepoteza asubuhi. Muulizeni nani alinunua mara ya mwisho, alilipaje, alisikia wapi habari za sabuni. Mgeni wa hoteli anayepita kibandani kwa miguu ana haja zake, na mwenye duka la Mjini anayechukua katoni ana zake. Wanunuzi wakubwa wa kikundi kile ni wenye maduka. Hao wanataka kujua uzito wa kipande, bei ya jumla, sabuni inakaa muda gani bila kuharibika, na nambari ya simu. Wenzenu wakawapa machweo na ngalawa.

Msiende na hadithi mliyoitunga chuoni. Mama maskini aliyeokolewa na bahari: hadithi hiyo sitaki kuiona tena. Kilimo cha mwani cha biashara kimekuwepo Zanzibar tangu 1989. Kuna wakulima pale walioona bei ya mwani mkavu ikianguka, wakaona aina ya cottonii, yenye bei nzuri, ikifa kadiri maji yanavyozidi joto, wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Wakapiga hesabu, wakaona afadhali kuuza sabuni kuliko kuuza magunia. Hao ni wafanyabiashara. Wapigeni picha kama wafanyabiashara.

Fuateni maji, si jua. Hapa ndipo ratiba zenu hufa. Shamba la mwani halifikiki ila wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa hadi vigingi vikatoka nje. Na maji ya bamvua kwetu hukupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Saa 12 alfajiri shamba bado limefunikwa. Kwa hiyo ile picha ambayo kila kundi linaiota, akina mama wakivuna huku jua linachomoza, haipo. Kuipata ni mpaka uwasimamishe watu wazima kwenye maji ya kifua wajifanye wanavuna. Kundi moja lilijaribu kuliomba hilo. Bibi mmoja akawauliza kwa upole kama huko chuoni kwao mwani huvunwa na samaki.

Basi mtapiga saa 4, jua kali, nyuso zilizoinama zimeingia giza. Shikeni shuka jeupe liwarudishie mwanga usoni, au bora zaidi shusheni kamera hadi usawa wa mikono, maana kazi yenyewe iko mikononi. Tazameni kijikamba kinavyozungushwa kwenye shina la mwani na kukazwa kwa vidole viwili, huku mkono wa pili umeshaanza kutafuta shina jingine. Picha hiyo moja inamwambia mnunuzi mengi kuliko dakika nzima ya maneno.

Msimwambie mtu arudie alichokwisha kufanya. Maji yanarudi, na kila kamba isiyofungwa kabla hayajafika ni hasara yake, si yenu. Mkikosa picha, ngojeni kamba inayofuata, ziko nyingi.

Pigeni hodi. Kwa sheha kwanza, na barua ya chuo mkononi, kisha kwa mwenyekiti wa kikundi. Shikamoo kwa kila aliyewazidi umri, hata kama mmechelewa na betri inaisha. Ijumaa mchana msipange kitu.

Ombeni ruhusa ya kila sura, kisha iombeni tena baada ya kupiga. Baharini kuna upepo, na mtandio huanguka. Mama aliyekubali kupigwa picha hakukubali kupigwa picha kichwa wazi. Mwonyesheni klipu yake palepale. Akisema futa, futeni mbele ya macho yake. Nimemsikia mwanafunzi akisema "lakini ndiyo picha yetu bora". Si yenu.

Msiamini maikrofoni ya kamera. Upepo wa pwani utawapa dakika 40 za ngurumo. Maikrofoni ya kifuani iwe na manyoya yake ya kuzuia upepo, na mahojiano yafanyike nyuma ya ukuta, ndani ya chumba cha kukatia sabuni. Humo ndani umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo shata iwe 1/50 na fremu 25 kwa sekunde, la sivyo taa zitapepesa na hakuna programu itakayowaokoa.

Msiseme sabuni inatibu. Mwanachama akisema mbele ya kamera kwamba inaondoa ukurutu, kateni. Vipodozi vinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na dai la tiba lisilo na ushahidi litamrudia mwenye sabuni, si aliyehariri.

Muziki msiuchukue mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ni ya mwaka 2003. Hakuna mwenye haki ya kusema hakuijua. Mji huu haukosi vijana wapigaji udi na kanuni. Mtafuteni mmoja, mlipeni, aandike kwa mkono wake kwamba amewaruhusu.

Droni: bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ibaki begini.

Rasimu mwonyesheni mteja kwenye simu yake, nje, juani. Kompyuta ya chuo katika chumba cha giza inadanganya. Mwenyekiti wa kikundi aliishika simu kwa mkono mmoja, akajikinga jua kwa mwingine, akatazama mpaka mwisho, akauliza: "Sabuni iko wapi?" Ilikuwemo, karibu na mwisho, kwa sekunde chache, na bei imeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya mchanga mweupe. Bidhaa ionekane ndani ya sekunde 5 za mwanzo. Maandishi yawe manene, yenye kivuli au kisanduku nyuma yake.

Msibishane na mteja juu ya ladha. Mkubaliane tangu mwanzo marekebisho ni mara mbili, muandike, kisha myafanye bila kununa. Akitaka jina la kikundi liwe la kijani, liwe la kijani. Bisheni pale tu anapotaka kusema lisilo kweli.

Mkabidhini vitu anavyoweza kuvitumia. Video ya kulala kwa ajili ya maonyesho, ya kusimama kwa ajili ya simu, na moja fupi isiyo na bei, ili bei ikipanda asiwatafute. Mkituma kwa WhatsApp, itumeni kama faili, la sivyo itafika imekwaruzika. Picha zote asilia ziwe na nakala tatu, moja nje ya chuo.

Majina yenu mwishoni yasizidi sekunde 2, na nembo ya chuo isiwe kubwa kuliko ya kikundi. Mteja akitaka yaondolewe, yaondoeni siku hiyohiyo; nakala yenye majina bakini nayo ya kuombea kazi.