Somo Gumu au Alama Nzuri?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakiisha kutangazwa, nyumba nyingi za nchi yetu huingia katika mashauri. Mtoto amefaulu, sasa ashike mchepuo gani kidato cha tano? Baba ataka udaktari. Mama aogopa masomo magumu yasije yakamharibia mtoto jina zuri alilolipata kwa jasho. Mjomba, aliyesikia habari za kijana wa jirani, asema sayansi si ya kila mtu, afadhali Historia. Mtoto mwenyewe mara nyingi haulizwi. Twaona yafaa kulitazama jambo hili kwa utulivu, kwa maana wapendao ugumu na wapendao alama, wote wawili, hupima kwa mizani isiyo yenyewe.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu hivi: A ya kidato cha sita ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Mwombaji wa shahada ya kwanza hana budi kuwa amefaulu masomo mawili yahusuyo kozi aitakayo, kwa E au zaidi, na jumla ya pointi isipungue 4. Msomaji aangalie vizuri: C ya Hisabati ya Juu ni pointi 3, na C ya Kiswahili ni pointi 3. Hakuna nyongeza kwa ajili ya jasho. Nchini Marekani mambo ni mengine. Huko shule nyingi huzipa uzito zaidi alama za masomo magumu, na vyuo vyenye ushindani mkubwa huisoma orodha ya masomo ya kijana ili kujua kama alijitahidi au alijificha. Kwetu sisi mambo hayaendi hivyo. Kwa hiyo mzazi amwambiaye mtoto achukue Fizikia ili aonekane hodari, amempa sababu isiyo na thamani mlangoni pa chuo.

Lakini yale maneno “yahusuyo kozi aitakayo” ndiyo yenye uzito wote. Tuseme kijana amesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, akapata B mbili na C moja. Ana pointi 11, nazo ni nzuri sana. Aweza kuomba sheria, ualimu, au uandishi wa habari. Uhandisi hawezi, hata angalipata A zote tatu. Mwenzake aliyesoma PCB akapata C, C na D ana pointi 8 tu, walakini ndiye awezaye kusimama mbele ya mlango wa udaktari, kwa kuwa mlango ule wadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Ugumu wa somo hauongezi pointi. Wafungua mlango tu.

Jambo lituhuzunishalo zaidi hutokea mapema, wakati ambapo hakuna mtu nyumbani anayefikiri habari za chuo. Kwa miaka mingi wanafunzi waingiao kidato cha tatu katika shule nyingi wameruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Mtoto wa miaka kumi na mitano, aliyepata alama mbaya mara mbili, huacha ili asiharibu daraja lake, na wazazi hupata habari baadaye. Siku ile amefungiwa PCB, PCM na CBG pamoja, bila kujua. Na hofu yenyewe mara nyingi haina msingi! Daraja la kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba yaliyo bora: jumla ya pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 ni la pili. (Huko A ni pointi 1, na jumla iliyo ndogo ndiyo njema, mzazi asichanganye na hesabu ya Tume.) Mwenye masomo tisa akianguka katika moja, lile halimo katika saba, wala haligusi daraja lake. Lililo gumu humla muda wa kujisomea, hilo kweli, na muda ni mali. Lakini daraja halimwibii.

Kidato cha sita hakuna maficho ya namna hiyo. Masomo ya mchepuo huwa matatu, na yote matatu yahesabiwa. Hapa ndipo twageuka kusema na wazazi wenye fahari. Kijana aliyepata C ya Fizikia kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita, asiyeweza kufanya hesabu mpya peke yake, msimpeleke PCM kwa sababu tu binamu yake ni mhandisi. Miaka miwili ya ada na ya usiku bila usingizi yaweza kuishia katika S na F, na S haihesabiwi kuwa ufaulu wa kuingilia chuo. Kijana huyo angalipata B ya Jiografia.

Kipimo chetu ni hiki: mtoto ashike mchepuo mgumu kuliko yote ambao aweza kutumaini kupata C mbili ndani yake, na D katika somo la tatu. Hizo ni pointi 8, na kwa kozi nyingi atakuwa ameuvuka mpaka wa chini bila kutetemeka. Penye ushindani mkubwa mpaka wa chini hautoshi, kwa kuwa nafasi ni chache na wenye pointi nyingi huchukuliwa kwanza. Mwenye shabaha ya huko aelezwe mapema. Na atumainiye kupata E tu katika masomo yote matatu aitazame njia nyingine.

Tena njia nyingine zipo. CBG huelekea kilimo na misitu, kozi zifundishwazo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. EGM huelekea uchumi na takwimu. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi hata zikafika 65. Kisha ipo stashahada: aliyefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne aweza kusomea utabibu kwa miaka mitatu, na akimaliza kwa GPA ya 3.0 aweza kuomba shahada. Wako wazazi waonao njia hii kuwa aibu. Sisi hatuoni aibu yo yote kwa kijana apimaye wagonjwa akiwa na miaka ishirini na mmoja.

Zipo na shule ambazo huwasukuma watoto katika michepuo myepesi ili wastani wa shule upendeze gazetini. Mzazi akiambiwa binti yake hafai sayansi, na aombe kuona madaftari ya binti, si ripoti peke yake.

Kwa miaka ya karibuni wahitimu wa kidato cha nne wamepewa muda, baada ya matokeo, wa kubadili machaguo yao kabla ya kupangiwa shule. Muda huo ni mfupi. Mwongozo wa udahili wa Tume hutolewa kila mwaka, na masharti ya kila kozi yameandikwa humo. Usomeni pamoja na mtoto jioni moja, penseli mkononi, na mumwache yeye ndiye afungue kurasa.