Pampu Inapozimika Katikati ya Mvua

Mhandisi wa mifumo ya maji anajibu maswali ya wakazi wa Mwanza.

Mhandisi, hivi Mwanza tuna pampu za maji ya mvua?

Kwa sehemu kubwa, maji ya mvua hapa hushuka yenyewe. Jiji limekaa kwenye vilima vya mawe. Maji hufuata mitaro na mito midogo kama Mirongo, unaopita Mabatini hadi katikati ya jiji, kisha huingia ziwani. Pampu zinazonitia wasiwasi mvua ikinyesha ni za majitaka, zile zinazoyasukuma kutoka sehemu za chini kuelekea mabwawa ya kusafishia ya Butuja, Ilemela. Maji ya mvua huingia humo kupitia chemba zilizopoteza mifuniko, na kupitia mabomba ya paa yaliyounganishwa kinyemela na bomba la choo. Pampu iliyopangiwa majitaka ya nyumbani hujikuta inasukuma mvua.

Ziwa likijaa, je?

Hapo kazi inakuwa nzito. Mwaka 2020 usawa wa maji ya Ziwa Victoria kwenye kipimo cha Jinja ulifika mita 13.42, ukaipita kidogo rekodi ya 1964. Mei 2024 ulipanda tena hadi mita 13.66. Ziwa likipanda, mdomo wa mtaro ulio chini huzama, maji hayatoki na mengine hurudi nyuma. Chemba na visima vya pampu vilivyo karibu na ufukwe huweza kuingiliwa na maji. Mnaokaa jirani na mwalo mnaelewa ninachosema.

Pampu imezimika usiku, mvua haijakatika. Fundi aanze wapi?

Asiingie kisimani. Hilo nalisema kwa mkazo, maana watu wanakufa. Majitaka yaliyotulia hutoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza, lakini ikizidi pua huacha kuinusa. Ikibidi kuingia, fundi apime hewa kwanza, apulizie hewa safi, avae mkanda wenye kamba, na juu wabaki watu wa kumvuta. Akianguka, mwenzake asimfuate bila kifaa cha kupumulia.

Kisha akate umeme na kufunga swichi kwa kufuli, ili mtu asiuwashe wakati mikono iko ndani. Baada ya hapo afungue jicho: chekeche limejaa plastiki? Boya la kuwasha pampu limenasa? Mara nyingi kosa liko hapo, na mota haina ubaya wowote. Kama mota imelowa, apime ukinzani wa kihami cha nyaya zake kabla ya kuwasha tena. Kuiwasha ikiwa mbichi ndiyo njia ya uhakika ya kuiunguza.

Wakati huohuo wenzake walete pampu ya dizeli na mipira mikubwa, wayapitishe maji kando ya kituo hadi bomba la mbele. Majitaka hayasubiri matengenezo, na yakifurika yanaishia ziwani, tunakovuta maji ya kunywa.

Ni nini hasa kinaharibika?

Mchanga! Mvua huuchimba kwenye vilima visivyo na majani, ukaingia kwenye mfumo na kuila polepole impela, yaani gurudumu la pampu linalosukuma maji. Baada ya impela huja sili na beringi. Kuna pia vali ya kuzuia maji yasirudi: ikinaswa na kitambaa, pampu inayopumzika huzungushwa kinyumenyume na maji yanayorudi.

Miji tajiri inaweza kuepuka haya?

New Orleans, Marekani, ina sehemu iliyo chini ya usawa wa bahari na inategemea pampu. Agosti 2017 mvua kubwa iliikuta na pampu kadhaa na mtambo wa umeme vikiwa vimeharibika, mitaa ikafurika. Fedha haitoshi kama vipuri havipo stoo.

Bajeti ikiwa ndogo, ungenunua nini?

Ningeacha pampu mpya kubwa. Ningenunua impela, sili na beringi za pampu zilizopo, jenereta yenye mafuta, na kulipa vibarua wazoe mchanga kwenye mitaro ya juu kila Februari kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya vuli.