Kupunguza Miti katika Msitu wa Watu Wote

Wengi katika sharika zetu huuliza hivi: Ikiwa serikali yapunguza misindano katika shamba lake la Kiwira, na ile inayobaki yanenepa, mbona haipunguzi miti ya asili ya Mlima Rungwe, ambayo huzeeka na kuanguka bure? Swali ni la haki, nasi twataka kulijibu kwa utaratibu.

1. Maana ya kupunguza. Misindano ya shamba ni ya aina moja na umri mmoja. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kila upande, hekta moja hupata miti kama 1,100. Ikikua, vichwa vyake hugusana, hunyang'anyana mwanga, na yote huwa myembamba. Basi hukatwa kwanza iliyopinda, iliyo dhaifu na yenye ugonjwa, ili iliyo bora ipate nafasi. Faida kubwa ya kazi hii si mbao za leo, bali ni unene wa miti inayobaki.

2. Msitu wa asili si shamba. Humo wazee, vijana na watoto husimama pamoja, na aina ni nyingi. Mkulo ukiangushwa, mizizi yake yaweza kuchipua. Lakini nafasi ikiwa kubwa mno, mitambazi na vichaka huingia upesi na kuyasonga machipukizi. Tena mwenye msumeno hachagui mti uliopinda. Huchagua ulio bora. Huko si kupunguza, ni kuondoa wazazi na kuacha vilema. Wala mti ulioanguka wenyewe haukupotea bure, maana huoza na kuurutubisha udongo.

3. Mlima wetu. Tangu mwaka 2009 msitu wa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, wenye hekta zipatazo 13,600, na hairuhusiwi kuvuna mbao humo. Mvua ya miteremko ya kusini hufika hata milimita 3,000 kwa mwaka. Msitu huipokea na kuiachilia polepole, na mito Kiwira na Mbaka huipeleka Ziwa Nyasa. Humo pia hukaa kipunji, tumbili ambaye wawindaji wetu walimjua kwa jina, lakini wataalamu walimtambua mwaka 2003 tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikuwa 1,117 katika Tanzania nzima. Kipunji hupita katika vichwa vya miti. Kwa hiyo kila mti mkubwa ukatwao ni daraja lililovunjwa.

4. Mahali panapofaa kuvuna. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutunza. Wakitaka kuvuna, yawapasa kwanza kuhesabu miti kwa aina na unene, kuandika mpango, na kutia alama miti itakayokatwa na miti mama itakayoachwa kwa mbegu. Mitambazi ikatwe kabla ya mti kuangushwa, usije ukavuta wenziwe. Kisha wapumzishe mahali pale mpaka machipukizi yasimame. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Kosa letu sisi. Hatuwezi kufundisha haya tukificha yetu. Tulipoezeka nyumba ya ibada katika usharika mmoja, tuliletewa mbao nzuri kwa bei ndogo, tena usiku. Hatukuuliza leseni, wala hati ya kusafirishia, wala hatukutafuta alama ya nyundo. Tulishukuru tu. Baadaye tulielewa kwamba bei ilikuwa ndogo kwa sababu mwenye mali, yaani watu wote, hakulipwa. Paa lile lingaliko, na kila tulitazamapo twakumbuka. Tangu hapo hatupokei ubao usio na karatasi, hata ukitolewa kama sadaka.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
(a) Kwa nini kukata miti bora si kupunguza?
(b) Je, kijiji chenu kina msitu uliotengwa? Nani ashika daftari lake?
(c) Mbao za jengo lenu zilitoka wapi, na karatasi zake ziko wapi?

Msilipite swali la mwisho upesi.