Paka na Manyoya Yake

Katika nyumba nyingi za nchi yetu paka ni mlinzi asiyedai mshahara. Mchana hulala juani, na usiku hulinda ghala, jiko na mikeka yetu dhidi ya panya. Wengi wetu humpa makombo na kudhani kwamba hana haja nyingine kwetu. Lakini yako mambo machache yampasayo mwenye paka kuyajua, na katika hayo moja ni utunzaji wa manyoya yake.

Jinsi paka anavyojisafisha

Mwangalie paka baada ya kula. Hulamba mkono wake, hujipangusa uso, kisha hulamba kifua, mbavu na miguu mpaka amemaliza mwili wote. Akikulamba mkononi, utahisi ulimi wake unakwaruza kama msasa. Sababu yake ni kwamba ulimi huo una miiba midogo iliyoelekea nyuma, upande wa koo. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa chuo cha Georgia Institute of Technology huko Marekani, Alexis Noel na David Hu, walieleza kwamba ncha ya kila mwiba ina mfereji mdogo sana. Mfereji huo huchukua mate kinywani na kuyafikisha ndani ya manyoya, karibu na ngozi. Basi paka ana kitana na maji yake mwenyewe.

Lakini kwa kuwa miiba hiyo imeelekea kooni, kila unyoya unaonaswa ulimini humezwa. Mengi ya manyoya hayo hutoka pamoja na mavi. Mengine hubaki tumboni na kusokotana, kisha paka huyatapika yakiwa kidonge kirefu mfano wa kidole. Jambo hilo likitokea mara mojamoja si ugonjwa. Ila paka akijaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu, naye hataki chakula, huenda njia ya tumbo imezibika. Hapo hana budi kupelekwa kwa daktari wa wanyama bila kukawia.

Kwa nini manyoya hupukutika

Unyoya humea, hukoma kukua, kisha huanguka na kumpisha mwingine. Katika nchi za Ulaya mambo haya hufuata urefu wa mchana. Mjini London mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa 16, na wa Desemba ni karibu saa 8 tu. Mchana unapoanza kurefuka, paka huyavua manyoya mazito ya baridi, na nyumba hujaa. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo manyoya hupukutika kidogo kidogo miezi yote.

Lakini ukiona mahali pamenyonyoka na ngozi kuwa wazi, hasa pakiwa na duara lenye magamba, usidhani ni kawaida. Huenda ni choa, na choa cha paka huambukiza watu.

Kosa langu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu palikuwa na paka wa kijivu aliyelinda ghala la mahindi. Mwaka mmoja viroboto walizidi hata hatukulala vizuri. Nami, nikitaka kuwatendea wazazi wangu jambo jema, nikachukua mafuta ya taa nikampaka mwili mzima. Nilijisifu kwa akili yangu.

Paka alikimbilia chini ya ghala, akaanza kufanya lile alilolifanya kila siku ya maisha yake: akajilamba. Jioni alikuwa akitokwa na mate, na pumzi zilikuwa za shida. Siku ya tatu akafa. Nilipomweleza bibi niliyoyatenda, hakunipiga. Alisema, “Mjukuu wangu, mafuta hayo hukumpaka, ulimnywesha.”

Kabla ya mvua panya walikuwa wamekwisha kula mahindi yetu ya mbegu, na baba akanunua mengine kwa fedha aliyoiweka kwa ada yangu ya shule. Tangu siku hiyo nimelishika neno la bibi: kila kinachowekwa juu ya manyoya ya paka huingia kinywani mwake. Msimpake mafuta ya taa, wala dawa ya kunyunyizia mende, wala dawa ya kupe wa ng'ombe au viroboto wa mbwa. Katika dawa nyingi za namna hiyo mna pemethrini, ambayo mbwa huistahimili, lakini paka huweza kumwua.

Namna ya kumchana

Kumchana paka hakuhitaji dawa. Chukua kitana chenye meno ya karibu, kitambaa cheupe kilicholoweshwa, na bakuli la maji ya sabuni. Ngoja paka ashibe na kutulia, kisha kaa naye nje ya nyumba. Mpapase kwanza. Chana kutoka kichwani kuelekea mkiani, kwa kufuata mlalo wa manyoya, wala usiende kinyume. Tumboni na makwapani chana polepole. Ukikuta fundo, lifungue kwa vidole. Usitumie mkasi, maana ngozi ya paka ni nyembamba na hukatika upesi. Mwisho, mpapase kwa mkono wenye unyevu, na manyoya yaliyolegea yatashikamana nao. Akichoka mwache aende, umalize kesho.

Ukiona chembe nyeusi katika kitana, zitie juu ya kitambaa kile chenye maji. Zikitoa rangi nyekundu, si mchanga. Ni mavi ya viroboto, yaliyotokana na damu waliyoinyonya. Kiroboto unayemkuta mtumbukize katika maji ya sabuni. Tena kumbuka kwamba mayai ya kiroboto huanguka chini. Kwa hiyo kung'uta mkeka, uanike juani, na ufue kitambaa anacholalia paka kwa maji ya moto. Paka akimmeza kiroboto katika kujilamba, aweza kupata tegu.

Paka wa manyoya mafupi, kama wengi wa kwetu, yatosha kumchana mara moja kwa juma. Wa manyoya marefu huchanwa kila siku.

Manyoya ndani ya nyumba

Usifagie manyoya kwa ufagio mkavu, kwa kuwa hupeperuka na kutua tena. Yapanguse kwa kitambaa chenye maji, uyatupe shimoni, kisha unawe mikono. Wako watu ambao paka huwaletea chafya au pumu. Kinachowadhuru hasa si unyoya wenyewe, bali ni kitu kilichomo katika mate na ngozi ya paka, ambacho hukauka juu ya manyoya na kuruka hewani. Mtoto mwenye pumu asipewe kazi ya kumchana paka, wala paka asilale kitandani pake.

Mnyama hana ulimi wa kusema. Anao wa kujilamba tu. Basi anayemfuga na afikiri kwanza, ndipo atende. Nia njema bila maarifa ilimwua paka wetu.

Maswali

1. Kwa nini paka hawezi kutema manyoya anayoyalamba?
2. Eleza tofauti ya kupukutika kwa manyoya London na kwetu.
3. Bibi alikuwa na maana gani aliposema, “Hukumpaka, ulimnywesha”?
4. Utajuaje kama chembe nyeusi ni mchanga au ni mavi ya viroboto?
5. Andika barua fupi kwa ndugu yako mdogo, ukimweleza namna ya kumchana paka.