Dondoo muhimu: Mashine ya kufyonza vumbi ikipoteza nguvu

Kabla ya kumwita fundi, chomoa waya kwenye soketi, kisha fungua kichujio. Mara nyingi tatizo liko hapo: vumbi likishakiziba, hewa haipiti, na mota inayopozwa na hewa hiyohiyo huanza kuchemka. Kichujio cha sponji kioshe kwa maji baridi hadi yatoke safi, kikamue taratibu, kisha kianike kivulini kwa saa 24. Usikirudishe kikiwa na unyevu hata kidogo. Vumbi litagandamana kama tope na nyumba nzima itanuka uvundo. Cha karatasi kwa kawaida hakioshwi: kikung'ute nje, kikichakaa nunua kingine.

Chombo cha vumbi kimwage kabla hakijajaa.

Pindua kichwa cha mashine utazame brashi. Nywele, nyuzi za zulia na vipande vya rasta hujizungusha hapo; zikate kwa mkasi, usizivute kwa nguvu.

Na tafadhali, usifyonze saruji waliyoacha mafundi: ni laini mno, hupenya kichujio na kuua mota. Majivu ya jiko la mkaa nayo yaache. Kaa moja lililojificha humo linatosha kuwasha mfuko.