Miche Inayogeuka Manjano: Tuangalie Kwanza, Ndipo Tuweke Mbolea

Somo letu la mwezi huu ni la wale wasio na shamba, akina mama na vijana wanaootesha miche ya sukuma wiki, spinachi na nyanya ndani ya nyumba. Wengine hutumia mikebe ya mafuta ya kupikia, wengine jerikeni zilizokatwa au pakiti za maziwa. Nje kuna kuku wa jirani, kuna mbuzi, na kuna mikono ya watu. Kwa hivyo kuotesha ndani ni mpango mzuri. Lakini katika jumuiya tunasikia lalamiko lile lile: miche iliota vizuri, halafu ikasimama tu. Haikui, na majani yamekuwa manjano.

Kwanza tukiri kosa letu. Mama mmoja wa kikundi chetu alikopa shilingi 800 kutoka kwa kikundi, akanunua mbegu na samadi, akapanda mikebe 40 kando ya ukuta wa chumba chake. Alitaka kuuza miche mvua ndefu ikianza, alipe deni na abaki na kitu cha karo. Baada ya wiki 3 alitujia akasema, “Mwalimu, miche yangu ina njaa, imekuwa manjano yote. Niiwekee nini?” Sisi, bila hata kufika kwake, tukamjibu aweke CAN. Naye akaweka kijiko kimoja cha chai kwa kila mkebe. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa zimeungua, na mikebe 26 ikafa.

Tulipoenda hatimaye, tulikuta mikebe haina hata tundu moja chini. Udongo ulikuwa kama uji, na ulinuka. Miche ile haikuwa na njaa, ilikuwa inazama! Nasi tuliiongezea chumvi ya mbolea juu ya mizizi iliyokuwa tayari inaoza.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba njano ni dalili, si ugonjwa. Ni kama homa ya mtoto: malaria huleta homa, na nimonia pia huleta homa, lakini dawa si moja. Basi tutumie njia tunayoijua katika jumuiya ndogo ndogo, ambayo Papa Yohane XXIII aliisifu mwaka 1961 katika barua yake Mater et Magistra: kuona, kuamua, kutenda.

KUONA

Peleka mkebe mlangoni penye mwanga, kisha ujiulize maswali haya manne:

1. Njano imeanzia wapi? Ni majani ya chini, au ni yale machanga ya juu?

2. Shina likoje? Ni fupi na nene, au ni refu, jembamba na linainamia dirisha? Je, shingo yake pale kwenye udongo imekuwa nyeusi na nyembamba?

3. Udongo ukoje? Chomeka kidole mpaka kiungo cha kwanza. Inua mkebe uone uzito wake. Nusa. Angalia kama kuna utando mweupe juu.

4. Chini ya majani kuna nini? Geuza jani utazame kama kuna wadudu wadogo, weupe, weusi au wa kijani.

Usiweke kitu chochote kabla ya kujibu yote manne.

KUAMUA

Sasa tuone kila dalili inatuambia nini.

Majani mawili ya kwanza kabisa, yale yaliyotoka na mbegu, yamekuwa manjano na kuanguka, lakini majani mengine ni mazima: hiyo si shida. Kazi yao imekwisha.

Mche ni mrefu, mwembamba, wa rangi hafifu: umekosa mwanga. Ukijani wa jani hutengenezwa kwa msaada wa mwanga, na mche ulio gizani hutumia nguvu zake zote kurefuka ili uutafute. Nyumba nyingi za mabati zina dirisha moja dogo, na balbu iliyo juu darini haitoshi.

Udongo umelowa, mkebe ni mzito, kuna harufu mbaya: maji yamezidi. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikosa hewa haiwezi kunyonya chakula, hata kama chakula kimejaa pale. Ndiyo maana mche uliozama unafanana sana na mche wenye njaa. Hii ndiyo sababu tuliyoiona mara nyingi zaidi kwa wanaoanza, kwa kuwa mtu akipenda mimea yake huimwagilia asubuhi, mchana na jioni.

Majani ya chini yamekuwa manjano jani zima, mche umedumaa, na udongo una unyevu wa kiasi: hapo kweli kuna njaa ya naitrojeni. Mche ukiikosa huitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga. Mara nyingi utakuta udongo ulichotwa barabarani, au umechanganywa na maranda ya mbao. Vijidudu vinavyoozesha maranda hula naitrojeni ile ile ambayo mche unaingojea.

Majani machanga ya juu yamekuwa manjano lakini mishipa imebaki kijani: mche haupati madini ya chuma. Huenda maji yamezidi, au umeweka jivu jingi. Jivu kidogo si mbaya, lakini likizidi hupunguza uchachu wa udongo, na madini ya chuma hufungika humo humo.

Nyanya ina rangi ya zambarau chini ya majani, nayo imesimama: mara nyingi ni baridi. Sehemu kama Limuru na Kinangop, kuanzia Juni hadi Agosti, mizizi hupata taabu kunyonya fosforasi. Subira na mahali pa joto husaidia kuliko mbolea.

Kingo za majani zimeungua, au kuna utando mweupe juu ya udongo: ni chumvi. Imetoka kwa mbolea nyingi, kwa samadi mbichi ya kuku, au kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Shingo imeoza na mche umelala: ni kuvu wa udongoni. Huo hauponi. Utoe pamoja na udongo wake, na upunguze maji kwa iliyobaki.

KUTENDA

Toboa mashimo 5 chini ya kila mkebe kwa msumari, na uuweke juu ya vijiwe viwili ili maji yatoke. Usimwagilie tena mpaka kidole kikute udongo umekauka pale juu. Mwagilia asubuhi.

Sogeza mikebe kwenye dirisha au mlango unaopata jua, na uigeuze kila siku ili isiinamie upande mmoja. Lakini usiitoe ghafla kwenye jua kali la mchana, itababuka. Anza na saa moja au mbili za asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Mazoezi hayo ndiyo yatakayoisaidia pia siku ya kuhamishiwa shambani.

Kwa udongo wa mikebe mipya, sisi huchanganya ndoo 3 za udongo wa juu wenye rutuba, ndoo 1 ya samadi iliyooza kabisa, na ndoo 1 ya mchanga wa mto. Samadi iliyooza hainuki wala haina joto ukiishika.

Ikiwa umehakikisha ni njaa, tumia chai ya samadi. Tia samadi kwenye gunia dogo, lifunge, litumbukize katika ndoo ya maji kwa siku 14 huku ukikoroga. Kisha punguza kwa maji mengi mpaka rangi iwe kama ya chai ya rangi nyepesi. Mimina kwenye udongo, si kwenye majani, mara moja kwa wiki, na unawe mikono kwa sabuni. CAN tuiachie miche iliyokwisha kushika shambani.

Na kama bado una shaka? Usijaribu mambo yote kwa mikebe yote. Chukua mikebe mitatu. Mmoja uuache ulivyo, wa pili uusogeze tu kwenye mwanga, wa tatu uutoboe na kuupunguzia maji. Ngoja siku 7. Usitazame majani yaliyokwisha kuwa manjano, kwa kuwa mengi hayarudi kijani. Tazama jani jipya. Jani jipya ndilo litakalokuambia ukweli.

Mama yule tulimtobolea mikebe yake 14 iliyobaki, tukaihamishia mlangoni. Baada ya siku 10 majani mapya yalitoka kijani. Aliiuza miche hiyo, lakini haikutosha kulipa deni. Kikundi kilimwongezea miezi 2, na sisi tuliompa shauri baya tukamnunulia mbegu nyingine. Ilikuwa haki yake.

Tusome Luka 13:6-9, habari ya mtini usiozaa. Mwenye shamba aliona tu kwamba hakuna tunda, akataka ukatwe. Mtunzaji aliomba muda. Na angalieni vizuri, kwanza alitaka kuchimba kuuzunguka, ndipo aweke mbolea. Sisi tulianza na mbolea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Kila mmoja alete mkebe wenye mche mgonjwa. Tuuangalie pamoja kwa maswali yale manne kabla ya mtu yeyote kutoa dawa.

2. Je, katika jumuiya yetu kuna familia tuliyoipa msaada bila kwenda kuona wanavyoishi? Matokeo yalikuwa nini?

3. Mwanachama akipata hasara kwa kufuata shauri letu, kikundi kina wajibu gani kwake?